Ahero na Kazi ya Tope

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Kisumu kwa njia ya Kericho huacha nyuma baridi ya mashamba ya chai, hushuka mteremko mrefu, na mara hewa hubadilika. Joto humpokea kama lile la kwetu Mombasa, na ardhi iliyokuwa ya vilima hulala tambarare mpaka upeo wa macho. Huo ndio uwanda wa Kano. Hupita miwa ya Awasi, kisha hufika mji wa Ahero, penye daraja la mto Nyando, mahali ambapo barabara hugawanyika: mkono mmoja waenda Kisumu, mwendo wa kilomita zipatazo 25, na mkono mwingine waelekea Sondu na Kisii. Kwa Kijaluo, neno ahero lina maana ya napenda.

Wengi wetu wa pwani tunaujua mji huu kwa mambo mawili: mchele wake, na habari za mafuriko yake kila ifikapo masika. Lipo jambo la tatu lisilotangazwa redioni. Baina ya mashamba ya Ahero na Ziwa Victoria liko tope, na tope hilo lina kazi ambayo wavuvi wa ghuba, wakazi wa Kisumu, na hata mama anunuaye ngege kwa ajili ya chakula cha jioni, wanaitegemea pasi na kuijua. Nilikaa huko siku tatu kwa jamaa zetu, na mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu aliyezaliwa papo hapo Kano, akanitembeza kutoka darajani mpaka ziwani. Niliyoyaona na kuyauliza ndiyo ninayowaletea wasomaji.

Mto na mzigo wake

Mto Nyando huanzia milima ya Nandi na Tinderet na nyanda za juu za Kericho. Njiani hupita kando ya mashamba ya chai, kisha miwa ya Muhoroni na Chemelil, kisha vijiji vya uwanda. Eneo lote linalomimina maji yake mtoni linakadiriwa kuwa kilomita za mraba zipatazo 3,500. Kila mvua inyeshayo katika eneo hilo huosha kitu na kukiteremsha. Ndiyo maana ukisimama darajani Ahero wakati wa masika huoni maji, bali waona chai ya maziwa inayokwenda mbio. Huo ni udongo wa watu. Kule Nyakach, mahali paitwapo Katuk Odeyo, mmomonyoko umechimba makorongo yaliyokula mashamba na njia.

Lakini udongo ni mzigo unaoonekana. Upo mzigo mwingine usioonekana, nao ni nitrojeni. Nitrojeni ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta, takriban asilimia 78, na hakuna kiumbe kinachoishi bila ya kuwa nayo mwilini, kwani nyama, maziwa, kunde na damu zetu zimejengwa kwayo. Ajabu ni kwamba tunaogelea ndani yake wala hatuwezi kuitwaa. Mmea hauwezi kuichukua hewani, wala mnyama hawezi. Walioruzukiwa uwezo huo ni aina chache za bakteria, baadhi yao wakiwa katika mizizi ya kunde na choroko, na ndiyo sababu bibi zetu walipanda kunde katikati ya mahindi na shamba likashukuru.

Mwanzoni mwa karne iliyopita binadamu naye alijifunza. Wajerumani wawili, Fritz Haber na Carl Bosch, waligundua namna ya kuitoa nitrojeni hewani kwa joto na shinikizo kubwa na kuifanya amonia, na kiwanda cha kwanza kilianza kazi mwaka 1913. Huko ndiko yalikotoka magunia ya mbolea tunayoyaona yamepangwa katika maduka ya Ahero. Chakula kimeongezeka duniani kwa sababu hiyo, nasi hatuna budi kulikiri hilo. Ila kilichotolewa hewani kwa nguvu sharti kirudi hewani kwa njia fulani. Kisiporudi, hukusanyika mahali. Na mahali penyewe ni majini.

Majaruba ya Ahero

Skimu ya umwagiliaji ya Ahero ilianza kazi mwaka 1969. Maji huvutwa kwa pampu kutoka mto Nyando, hutiririka katika mifereji, hugawanywa jaruba kwa jaruba, na yale yanayobaki hutoka kwa mifereji ya nyuma kuelekea kwenye vinamasi na hatimaye ziwani. Jirani yake, skimu ya Kano Magharibi, huvuta maji yake ziwani moja kwa moja. Miaka imekuwa mizuri na mibaya. Kuna nyakati pampu zilinyamaza na majaruba yakawa malisho ya ng'ombe, kisha kazi ikafufuliwa. Siku niliyofika, mpunga ulikuwa umefika magotini, na vijana walikuwa wakifukuza ndege kwa kelele na makopo.

Tulimkuta mkulima mmoja amesimama juu ya tuta, mbolea ikiwa ndani ya karai, akiimwaga kwa mkono juu ya maji kama mtu arushaye mtama kwa kuku. Mwalimu alimwamkia kwa heshima, akamwita jaduong', yaani mzee. Nilipomuuliza kama mbolea yote hufika kwenye mpunga, alicheka. "Sheikh," akasema, "nusu namlisha mtu nisiyemjua."

Kauli yake haiko mbali na kweli. Katika mashamba ya mpunga yaliyofunikwa maji, mara nyingi mmea huambulia chini ya nusu ya nitrojeni iliyomwagwa. Sehemu hupaa hewani ikiwa amonia, hasa jua la mchana linapopasha maji. Sehemu huondoka na maji yatokayo jarubani. Na sehemu nyingine hupotea kwa njia iliyowashangaza wataalamu kwa muda mrefu, mpaka wachunguzi wa Japani walipolichimba tope la majaruba yao katika miaka ya 1930 na 1940 na kukuta kwamba tope halina tabia moja. Ngozi yake ya juu, unene wa milimita chache tu, hupata oksijeni kutoka majini. Chini yake hakuna oksijeni kabisa. Katika ngozi ile ya juu, amonia hugeuzwa kuwa nitrati. Nitrati ikizama chini kidogo, bakteria wa huko huivunja na kuirudisha kuwa gesi ya nitrojeni, nayo ikapanda na kwenda zake mbinguni ilikotoka. Ndiyo maana walishauri mbolea izikwe ndani ya tope, isimwagwe juu. Na leo huko Bangladesh wakulima wengi huzika vidonge vikubwa vya yurea katikati ya miche, wakatumia kidogo na kuvuna zaidi.

Hapa ningependa msomaji asimame kidogo. Jambo hili ni moja, lakini lina majina mawili. Likitokea ndani ya jaruba, mkulima huliita hasara, kwa kuwa fedha yake imepaa hewani. Likitokea chini ya mto, mlangoni mwa ziwa, huwa ni rehema, kwa kuwa mbolea iliyopotea hairuhusiwi kufika katika maji ya kunywa na ya kuvulia. Kazi ya tope ni ile ile. Kinachobadilika ni mahali ilipofanyika.

Ndani ya mafunjo

Kutoka majarubani tulishuka kwa pikipiki, kisha kwa miguu, mpaka pale ambapo mto hupoteza umbo lake. Nyando haumwagiki ziwani kama maji ya birika. Hutawanyika kwanza ndani ya ardhi oevu kubwa iliyojaa mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Mafunjo hayo hukua zaidi ya mita nne, mashina yake ni laini na ya pembe tatu, na kila shina lina kichwa kama ufagio wa kijani. Ukiingia ndani yake upepo hukatika. Maji yaliyokuwa yakikimbia darajani, hapa hutambaa, na ile rangi ya chai huanza kuchuja.

Akina mama watatu walikuwa wakikata mashina na kuyafunga mafungu kwa ajili ya mikeka. Kijana mmoja mvuvi aliyekuwa nao, kwa ombi la Mwalimu, alichomeka bomba la plastiki katika tope, akaliziba juu kwa kiganja, akalivuta. Alipolisukuma tope nje juu ya ubao, nililiona kwa macho yangu lile niliyolisoma: juu kabisa utando wa kahawia, mwembamba kuliko chapati, na chini yake tope jeusi tititi lenye harufu ya yai viza. Msomaji wa pwani ambaye amewahi kwenda mikokoni kutafuta kaa au chaza haihitaji kuelezwa harufu hiyo. Ni ile ile.

Utando ule wa kahawia una rangi ya kutu kwa sababu ndani yake mna chuma kilichokutana na oksijeni. Ndio mpaka wa nchi mbili. Juu yake wanaishi bakteria wavutao hewa, chini yake wanaishi wale wasioitaka. Kazi yao hufuatana kama mafundi wa jengo moja. Wa kwanza huyaozesha majani, samadi na uchafu, wakaitoa nitrojeni iliyokuwamo ikiwa amonia. Wa pili, ambao hawawezi kufanya kazi bila oksijeni, huigeuza amonia kuwa nitrati. Wa tatu, walio gizani, huitumia nitrati mahali pa oksijeni ili wapate kupumua, na wanachokiacha ni gesi ya nitrojeni, safi, isiyomdhuru mtu. Fundi mmoja akikosekana, jengo husimama.

Nini basi huwaweka pamoja wale waitakao hewa na wale waikimbiao? Jibu ni mafunjo yenyewe. Shina la funjo si gumu ndani. Limejaa vijumba vya hewa kama sifongo, nayo hewa hushuka kupitia humo mpaka mizizini. Kila mzizi mwembamba, ukiwa katikati ya tope jeusi, hujizungushia pete ya oksijeni. Kwa hiyo mpaka ule haupo juu ya tope tu. Upo pia chini kwa chini, kuzunguka maelfu kwa maelfu ya mizizi. Juu ya hayo, mafunjo hupunguza mwendo wa maji ili mafundi wapate wasaa wa kufanya kazi, na majani yake yaliyokufa huwa chakula chao. Nayo mafunjo pia hula nitrojeni kwa ajili ya kukua. Akina mama wanapoyakata na kuyachukua kwenda kusuka mikeka, huwa wameitoa sehemu ya nitrojeni ile kinamasini bila ya mtu kuwaambia ahsante.

Tope hupokea, na tope hurudisha

Hata hivyo, ingekuwa si uadilifu kulisifu tope nusu tu ya habari yake. Tope si jaa la kutupia kila kitu. Ni kama muuza duka mwenye daftari: leo anapokea, kesho anarudisha, na kinachoamua ni oksijeni.

Hili lilielezwa vyema na mtaalamu wa Kiingereza, Clifford Mortimer, katika maandishi yake ya mwaka 1941 na 1942. Alichukua tope la maziwa ya kaskazini mwa Uingereza, akaliweka pamoja na maji katika vyombo, akatazama. Maadamu maji yalikuwa na oksijeni, utando wa kahawia ulikaa imara na kuyazuia yaliyomo chini. Oksijeni ilipokwisha, utando uliyeyuka. Chuma, fosforasi na amonia vilivyokuwa vimefungwa vikapanda majini kwa wingi. Mafundi wa pili walikuwa wameacha kazi kwa kukosa hewa, na amonia ikawa haina wa kuigeuza. Tope lililokuwa likisafisha likawa linalisha uchafu.

Na hapo pana tofauti ambayo yafaa tuikumbuke. Nitrojeni ina mlango wa kurudia hewani. Fosforasi haina mlango huo. Iingiapo ziwani hubaki ziwani, au topeni, ikingoja siku ya kuamshwa. Kwa hiyo kinamasi hakiwezi kutuondolea kila kosa la juu ya mlima.

Ghuba ya Winam, ambamo Nyando humwagika, ni mahali pa hatari kwa jambo kama hili. Ni ghuba ya kina kifupi, imezungukwa na nchi kavu, na imeungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba upande wa Rusinga. Kiingiacho humo hakitoki upesi. Katika miaka ya 1990 gugu maji liliivamia, na kufikia mwaka 1998 lilikadiriwa kufunika hekta zipatazo 17,000. Meli zilikwama, wavuvi walishindwa kutoka, na maji chini ya zulia lile yakakosa hewa. Wadudu wala-gugu walioletwa walisaidia kulipunguza, lakini hurudi kila lipatapo lishe. Mahali pengine maji hugeuka kijani kizito kama rangi ya ukuta, kwa wingi wa bakteria wa kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu. Wanapokufa na kuoza huimaliza oksijeni. Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wa samaki wa vizimbani upande wa Kisumu waliamka na kukuta samaki wao wanaelea kwa maelfu, na upungufu wa oksijeni ukatajwa kuwa sababu. Anayebaki salama katika maji ya namna hiyo ni kamongo, kwa kuwa yeye hupanda juu kuvuta hewa kama sisi.

Wala tusiubebeshe mji wa Ahero dhambi zote. Upo uchafu wa majitaka ya miji, ipo mito mingine, upo moshi na vumbi la bara liangukalo na mvua, na ziwa lenyewe ni la nchi tatu. Ahero ni mlango mmoja. Lakini mlango mmoja ukiachwa wazi, nyumba haiitwi imefungwa.

Shamba au mafunjo

Ukweli ni kwamba ukanda wa mafunjo unapungua. Miaka ya ukame, ziwa linaporudi nyuma, watu hulifuata. Mafunjo hukatwa, huchomwa moto, mifereji huchimbwa ili ardhi ikauke, kisha hupandwa mahindi, mboga na nduma. Tope hilo ni jeusi na lina rutuba. Mwaka wa kwanza mavuno yake hutia furaha. Lakini tope likikauka, hewa huingia mpaka chini, na nitrojeni iliyokuwa imelala humo kwa miaka mingi huamka ikawa nitrati. Mvua ya kwanza huiosha yote kwenda ziwani. Yaani kwa siku moja mlinzi ameondolewa na ghala limefunguliwa.

Kisha maji hurudi. Mwezi wa Mei mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka kukifikia kile kiwango cha juu kilichokumbukwa tangu mwaka 1964, na mwaka 2024 mafuriko yakawahamisha watu tena. Mashamba ya kinamasini ndiyo yaliyozama kwanza.

Nilimuuliza mmoja wa wale mama wakata mafunjo kwa nini watu wanayachoma ilhali wao wanayategemea. Alimtazama Mwalimu, kisha akanijibu kwa Kiswahili cha taratibu: "Baba, mkeka mmoja nauza mara moja. Mahindi yanalisha watoto mpaka muhula uishe. Anayeniambia niache mafunjo, aniambie na karo nitatoa wapi." Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba anayeishi mbali na njaa yake ana haki ya kumpa jibu la haraka.

Ila kati ya kuchoma yote na kuacha yote ipo njia, na wenyeji wenyewe waliitaja. Mafunjo yaliyokatwa juu ya maji, bila kung'olewa mzizi wala kuchomwa, huota tena katika miezi michache. Hivyo kukata kwa zamu, kipande baada ya kipande, huwapa akina mama mikeka na huliachia tope mafundi wake. Kulima pembezoni, na kuuacha ukanda ulio kando ya mto na ziwa, huokoa sehemu iliyo na kazi kubwa zaidi. Maji yatokayo majarubani yakipitishwa polepole katika mtaro wenye majani kabla ya kuachiwa, husafishwa njiani. Na yule jaduong' akizika mbolea yake topeni badala ya kuimwaga juu, hatamlisha tena mtu asiyemjua, na fedha yake itabaki shambani. Katika mambo yote hayo, maslahi ya mkulima na ya mvuvi hayagombani. Yanagombana tu pale ambapo mmoja hajui kazi aliyoifanyiwa na mwingine.

Mfano wa kuonya upo ng'ambo ya ziwa. Mjini Kampala, majitaka ya jiji hupita katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia katika ghuba ileile ambayo mitambo ya Gaba huvuta maji ya kunywa ya jiji. Mafunjo ya Nakivubo yalipokatwa ili kupanda magimbi na kujenga, ule usafishaji wa bure ulipungua, na mzigo ukahamia kwenye mitambo na madawa. Kisumu nayo huvuta maji yake Dunga, penye mafunjo pia.

Funzo kwa nyumba zetu

Huenda dada msomaji aliye Kisauni au Likoni akauliza, haya ya Kano yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni mikoko. Tope la Tudor, Mtwapa na Gazi hufanya kazi ileile, na mizizi ya mkoko inayochomoza kama vidole hupeleka hewa topeni kama lifanyavyo shina la funjo. Anayejaza kifusi mikokoni, au anayekata bila kupanda, huwafukuza mafundi wale wale.

Ya pili ni kisima. Sehemu nyingi za pwani yetu zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa matundu, na vyoo vya shimo vimechimbwa hatua chache kutoka visimani. Nitrojeni iliyo katika mkojo na choo hugeuka nitrati, na nitrati hupita mwambani bila kizuizi, kwa maana hakuna tope jeusi la kuivunja. Madrasani tulifundishwa kwamba maji mengi hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ya twahara iko pale pale. Lakini nitrati haina rangi, haina ladha, wala haina harufu, na usalama wa kinywaji ni mlango mwingine usiokuwa ule wa udhu. Mwaka 1945, daktari mmoja wa Marekani, Hunter Comly, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya kibuluu baada ya kupewa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya visima vya mashambani. Nitrati ilikuwa imeizuia damu yao kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji.

Kwa hiyo, mama mwenye mtoto aliye chini ya miezi sita na asiye na uhakika wa kisima chake, asimkorogee maziwa kwa maji hayo. Maziwa ya mama ndiyo salama zaidi. Na wala asidhani kwamba kuchemsha kutamwokoa: kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema, lakini nitrati haiondoki kwa moto; maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Watoto wakiwa na midomo au kucha za kibuluu wapelekwe hospitali mara moja. Na majirani wanaotumia kisima kimoja wanaweza kuchangishana wakapeleka maji yake maabara yapimwe nitrati. Gharama ya kipimo, ikigawanywa nyumba kumi, si kubwa.

Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Wanafunzi wangu wadogo huliona jambo hilo kuwa ni adabu tu. Kule Kano, baina ya jaruba na ziwa, nimeona kwamba ndani yake mna hesabu: kila kinachotiwa majini hufika kwa mtu, na baina yetu na mtu huyo mara nyingi hakuna kinga ila kipande cha tope na majani yaliyosimama juu yake. Wa Ahero wanayo mafunjo, nasi tunayo mikoko. Walio karibu nayo wawe wa kwanza kuitunza, na walio mbali wasiwaachie peke yao gharama yake.